Mtumbwi Mkubwa Kuliko Nyumba

Katika vibanja vya zamani vya Ngara, na katika vile vya Biharamulo vilivyo upande wa nchi ya Wahaya, chombo kikubwa kuliko vyote vya nyumbani kilikuwa gogo lililochimbwa ndani. Likimaliza kazi hulazwa kifudifudi chini ya migomba ili maji ya mvua yasituame na kuliozesha. Kiswahili cha huku huliita mtumbwi. Wahaya huliita obwato, neno lile lile wanalolitumia kwa chombo cha kuvukia ziwa, na Warundi na Wanyarwanda wamelipa jina lake la pekee, umuvure. Mtumbwi huu hauelei popote. Kazi yake ni kukanyagiwa ndizi mbivu na kulea juisi yake mpaka iwe rubisi, yaani pombe ya ndizi. Kinachonishughulisha hapa ni ukubwa wake. Mtu mzima anaweza kulala ndani akanyoosha miguu, na familia ya watu saba, hata wawe wanywaji wa namna gani, haiwezi kumaliza pombe ya mtumbwi mmoja kabla haijachacha. Ilikuwaje basi Wahangaza, Washubi na majirani zao wachonge chombo kinachozidi haja ya nyumba zao? Hoja yangu ni kwamba hawakukosea kipimo hata kidogo. Mtumbwi ulipimwa kwa idadi ya nyumba zilizolazimika kushirikiana ili ujae, ukanyagwe na umalizwe kwa wakati, na kwa sababu hiyo historia ya ukubwa wake ni historia ya ujirani katika nchi hii iliyo kati ya mito ya Ruvubu na Kagera na Ziwa Viktoria.

Ukubwa wa chombo ni swali la kwanza kwa kila apikaye pombe, popote alipo. Wanaopika bia ya shayiri majumbani huko Ulaya na Marekani hulifanyia hesabu kabla ya kununua chochote. Kimea cha shayiri hulowekwa katika maji moto ya nyuzi 65 hivi za Selsiasi ili wanga wake ugeuke sukari, na kila kilo ya kimea hutaka lita mbili na nusu hadi tatu za maji, huku punje zenyewe zikichukua nafasi ya theluthi mbili za lita. Anayetaka lita 20 za bia ya kawaida hutumia kilo 5 hivi za kimea na lita 15 za maji ya kulowekea. Uji wake utajaza lita 18 na kidogo, kwa hiyo chombo cha lita 25 kinamtosha. Akitaka bia kali ya kilo 8 za kimea, uji utafika lita 29 na chombo kile kitafurika. Lakini kuna upande wa pili ambao wageni wa kazi hii husahau: chombo kikubwa kilichojazwa robo tu hupoteza joto upesi, na kimea hubaki nusu wanga. Wapishi wa Uingereza wa karne ya 18 waliufahamu ukweli huu kwa mikono kabla kipimajoto hakijaingia viwandani mwao: uji mwingi hushika joto lake wenyewe. Kwa hiyo kipimo sahihi kina mipaka miwili, wa juu na wa chini, na hesabu yake huanza kwenye vikombe vya wanywaji na kurudi nyuma hadi kwenye ghala. Wachongaji wa mitumbwi walikabili mipaka hiyo hiyo miwili, ila kwao haikuwekwa na joto. Iliwekwa na mgomba, miguu na siku.

Tuanze na mgomba. Rubisi haipikwi motoni ingawa kila mtu husema inapikwa. Ndizi za pombe hukatwa zikiwa zimekomaa lakini bado mbichi, kisha huvundikwa: huwekwa katika shimo lililotandikwa majani ya mgomba na kupashwa joto la moto, au huning'inizwa juu ya meko, zikakaa siku nne, tano au sita kulingana na baridi ya mahali. Katika siku hizo ndizi hufanya yenyewe ile kazi ambayo shayiri hufanyiwa na maji moto; wanga wake hugeuka sukari bila mpishi kushika kuni. Zikiiva humenywa, humwagwa ndani ya mtumbwi pamoja na majani makavu, membamba na magumu ya porini, kisha hukanyagwa. Majani ndiyo siri ya kazi. Nyama ya ndizi mbivu ikikanyagwa peke yake huwa uji mzito usiotoa maji. Majani huikatakata, huishika, na kuiachia juisi itiririke ikiwa safi. Juisi hiyo tamu huchujwa, machicha yakaongezwa maji kidogo na kukanyagwa tena ili sukari iliyobaki isipotee, kisha yote hurudishwa katika mtumbwi uliosafishwa, ukatiwa mtama uliokaangwa na kupondwa, ukafunikwa kwa majani ya mgomba. Mtama huipa pombe rangi, ukali wa ulimi na sehemu ya chachu, na chachu nyingine imo katika mbao zenyewe, katika vinyweleo vya mti uliolewa na pombe miaka mingi. Baada ya siku moja au mbili rubisi iko tayari.

Shimo la kuvundikia lina sharti moja gumu: ndizi zote ziive siku moja. Mkungu uliochelewa hautoi juisi, na uliotangulia umeoza. Kwa hiyo mwenye kupika lazima apate mikungu yake yote kwa mkupuo, na hapo ndipo hesabu inapoanza kusema. Tuchukue mtumbwi wenye urefu wa ndani wa mita 2, upana wa sentimita 50 na kina cha sentimita 40. Kwa kuwa sakafu yake ni ya mviringo, ujazo wake ni kama lita 310, na ukijazwa theluthi mbili ili povu lipate pa kupandia, utabeba lita 200. Mkungu wa kilo 20 ukitolewa kikonyo chake na maganda hubaki kilo 10 za nyama, nayo hutoa lita 5 hivi za juisi. Pamoja na maji ya mkanyago wa pili tuseme lita 7. Mtumbwi huo basi unadai mikungu 28 au 29. Sasa tukitazame kibanja kizuri cha mashina 400, ambapo kila shina linatoa mkungu mmoja kwa mwaka. Hiyo ni mikungu minane kwa wiki, na kama theluthi yake ni ndizi za pombe na zilizobaki ni za chakula, nyumba hiyo ina mikungu isiyofika mitatu ya kuvundika kila wiki. Ingelazimika kungoja zaidi ya wiki kumi kujaza mtumbwi wake, na ndizi hazingoji wiki kumi. Makadirio haya ni yangu na kila mtu anaweza kuyabadilisha. Akipunguza mtumbwi kwa robo, au akiongeza mashina hadi 600, bado hatapata nyumba moja inayoujaza peke yake kwa wiki moja bila kula ndizi za chakula cha watoto.

Atakayejibu kwamba mwenye mtumbwi mkubwa angeweza kuujaza kidogo tu, anakutana na ule mpaka wa chini. Juisi iliyotandazwa vidole vinne juu ya sakafu pana hupigwa na hewa pande zote, na vijidudu vinavyogeuza kilevi kuwa siki huhitaji hewa hiyo hasa. Pombe ya kina kifupi huchacha kabla wageni hawajaketi. Mtumbwi uliojaa hujilinda: hewa inayofukutwa na chachu hupanda na kujaza pengo lililo chini ya majani ya mgomba. Mwenye kuchonga alijua hili bila kulieleza kwa maneno ya maabara, na kwa kuwa alijua, asingechonga chombo ambacho hana namna ya kukijaza. Alichonga kikubwa kwa sababu alikuwa na uhakika wa mikungu ya jirani.

Miguu nayo ina neno lake. Kukanyaga ndizi ni kazi ya wanaume katika nchi yote ya migomba kuanzia Buganda hadi Burundi, na ni kazi inayochosha. Uteute wa ndizi huvuta nyayo, majani hukwaruza. Watu wawili au watatu hupokezana, na huwezi kuwaita majirani wakukanyagie ndizi kisha wasionje. Halafu zinakuja siku. Rubisi nzuri hunywewa siku ya kwanza na ya pili; ya tatu ni ya wavumilivu, na ya nne ni ya kumwaga. Lita 200 kwa siku mbili, kila mnywaji akipata lita tatu au nne kwa jumla, ni watu 50 hadi 65. Idadi hiyo ni ya ugeni wa posa, matanga, kusimamisha nyumba au kulima shamba la mmoja wao kwa siku moja. Mikungu ilitoka nyumba kumi hivi, miguu ikatoka mbili au tatu, na midomo ikatoka kijiji kizima. Mtu akikanyaga leo, wiki ijayo mtumbwi ni wa mwingine, au ni ule ule umebebwa mabegani hadi kwa mwingine, na wale wale wanakusanyika. Kwa njia hiyo pombe isiyohifadhika ilihifadhiwa kwa jirani: leo unampa, juma lijalo anakurudishia ikiwa mbichi.

Ushahidi mwingine unatoka katika pombe ya nafaka, ambayo wilaya hizi mbili pia zimeijua siku zote. Bugufi, yaani Ngara ya Wahangaza, ilikuwa sehemu ya ufalme wa Burundi kabla mipaka ya baada ya Vita Kuu ya Kwanza haijaiacha upande wa Tanganyika ya Waingereza. Mwami Mwambutsa wa Burundi alikuwa bado anaidai irudishwe pale ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulipotembelea eneo hili mwaka 1948. Katika ufalme huo mtama ulikuwa zao la heshima kuu, na sikukuu ya muganuro, iliyofungua msimu wa kupanda, ilikuwa sikukuu ya mtama. Pombe yake, impeke, hutengenezwa kwa mtama uliooteshwa, ukakaushwa, ukasagwa na kupikwa, na ni kazi ya wanawake. Biharamulo iko chini zaidi, imejaa miombo, na kwa muda mrefu mbung'o waliifunga sehemu yake kubwa. Huko migomba ni michache, nafaka ndiyo iliyotawala, na asali ya porini nayo ilitengenezwa pombe. Sasa tazama vyombo. Pombe ya nafaka hupita motoni, kwa hiyo chombo chake ni chungu, na chungu hakiwezi kuwa kikubwa kuliko meko, wala kizito kuliko mikono ya wanawake wawili wakikiepua. Wanga wa mtama, tofauti na wa shayiri, hautaki kulegea mpaka maji yakaribie nyuzi 70 au zaidi, kwa hiyo hapakuwa na njia ya kuukwepa moto. Mwanamke aliyetaka pombe nyingi aliongeza vyungu. Aliweza kupika kimoja kwa wageni watatu au vinane kwa arusi, na nafaka yake ilimngoja ghalani miezi mingi bila kuoza. Chombo chake kilikuwa cha nyumba moja kwa sababu ghala lake lilikuwa la nyumba moja. Ardhi ilikuwa ile ile, watu ni wale wale na mahari ni zile zile, lakini kipimo cha chungu na cha mtumbwi kiliachana kabisa. Kama ukubwa wa mtumbwi ungetokana tu na ukarimu wa watu au na ukubwa wa sherehe zao, vyungu navyo vingekua.

Najua pingamizi la kwanza litakalotolewa: mtumbwi ni mkubwa kwa sababu mti ni mkubwa. Fundi alikata gogo, akalichimba, na chombo kikawa na ukubwa wa gogo. Ni kweli mti uliweka mpaka wa upana, maana huwezi kuchimba sentimita 50 ndani ya shina la sentimita 40. Lakini urefu ulikuwa mikononi mwa fundi mwenye shoka. Shina la mita nane lingeweza kutoa mtumbwi mmoja wa kutisha au minne ya wastani, na kwa kazi ya kuchimba kwa tezo fundi alikuwa na kila sababu ya kupunguza. Zaidi ya hayo, watu hao hao walichonga vyombo vidogo vya mti kwa ustadi mkubwa, kama vyombo vya maziwa ambavyo wafugaji wa nchi hii walivithamini kuliko vyungu. Aliyejua kuchonga chombo cha lita mbili kwa ajili ya maziwa hakushindwa kuchonga mtumbwi wa lita 40 kwa ajili ya ndizi. Aliuona hauna kazi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Litasema mtumbwi mkubwa ulikuwa wa mkubwa, yaani chifu na tajiri, na kwamba ninachokiita ujirani kilikuwa kodi. John Hanning Speke alipopita hapa mwishoni mwa 1861 akielekea kaskazini, nchi aliyoiita Usui, ambayo ni Busubi ya Biharamulo na Ngara ya leo, ilikuwa chini ya Suwarora, na kumbukumbu za msafiri huyo zimejaa malalamiko juu ya hongo alizotozwa huko. Mtawala aliyejua kukamua misafara hakushindwa kukamua vibanja. Mwenzake James Grant, aliyebaki Karagwe kwa miezi kadhaa akiuguza mguu wakati Speke ametangulia Buganda, aliikuta pombe ya ndizi ikiwa kinywaji cha kila siku cha watu na cha ikulu ya Rumanika pia. Katika falme zote za eneo hili sehemu ya pombe iliyopikwa ilipelekwa kwa mtawala, na upande wa Burundi mtu hakwenda kuomba ng'ombe wala ardhi mikono mitupu. Alitanguliza mtungi wa pombe. Nalikubali hili lote. Ila kodi huchukua sehemu ya kilichokuwapo. Mtawala aliyepata kibuyu kimoja katika kila mkanyago alitegemea mkanyago uwepo, na uliwepo kwa mikungu ya nyumba kumi hivi. Ushahidi wa wazi ni kwamba Serikali ya Tanganyika huru iliondoa uchifu mwaka 1963, kodi ya vibuyu ikafa pamoja na viti vya watemi, lakini mitumbwi haikufa wala haikupungua ukubwa. Iliendelea miongo mingine mitatu ikiwa na kipimo kile kile, chini ya wenyeviti wa vijiji wasiopelekewa kibuyu chochote. Kilichokuja kuipunguza kilikuwa kitu kingine.

Kilianza polepole na fedha. Kahawa ilipoingia katika vibanja vya Bugufi wakati wa ukoloni, ikapandwa katikati ya migomba ile ile, mwenye shamba alipata shilingi ambazo hazikutokana na jirani, na pakawa na watu wa kununua pombe badala ya kuisubiri zamu yao. Vilabu vilizaliwa kando ya barabara na kwenye minada. Anayepika ili auze hataki watu 60 kwa siku mbili. Anataka watu 15 kila siku. Kwake mtumbwi uliojaa ni hatari, kwa sababu rubisi isiyouzwa ni hasara, ilhali rubisi iliyogawiwa jirani ilikuwa akiba. Hapo ndipo chombo kidogo kilipopata maana kwa mara ya kwanza katika historia ya pombe ya ndizi. Hata hivyo kwa muda mrefu hakikuwepo chombo kidogo kinachofaa: chungu hupasuka kikisukumwa, na pipa la chuma huliwa na ukali wa juisi na kuipa pombe ladha ya kutu.

Kisha ukaja mwaka 1994. Kuanzia tarehe 28 Aprili, katika muda wa siku moja na usiku wake, watu wapatao 250,000 waliokimbia Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara, na kambi ya Benaco ikawa kwa wiki chache makazi makubwa kuliko mji wowote wa mkoa wa Kagera. Waliishi hapo hadi Desemba 1996. Warundi nao walikimbilia huku na kubaki muda mrefu zaidi, hadi kambi ya Lukole ilipofungwa mwaka 2008. Mambo mawili ya miaka hiyo yanahusu hoja yetu. La kwanza ni miti. Makumi ya maelfu ya meko yalihitaji kuni kila jioni, na vilima vilivyozunguka kambi vikabaki vipara. Shina nene la kuchongea mtumbwi likawa adimu katika wilaya iliyokuwa na misitu. La pili ni plastiki. Madumu na ndoo za lita 20 ziligawiwa kwa wingi ili watu wateke maji, zikasambaa masokoni, zikawa chombo cha kila nyumba. Ndani ya miaka michache Ngara ilipoteza mti wa kuchonga mtumbwi na ikapata chombo mbadala kisichopasuka wala kushika kutu. Plastiki ingefika tu hata bila vita, kama ilivyofika Muleba na Karagwe. Lakini hapa ilifika kwa mkupuo, na ilifika siku zile zile miti ilipoondoka.

Pigo la tatu lilikuja kupitia mgomba wenyewe. Mnyauko unaosababishwa na bakteria uligunduliwa mkoani Kagera mwaka 2006, na aina ya ndizi iliyoumia zaidi ni kayinja, ndizi ya pombe, kwa sababu wadudu wanaotembelea ua lake dume hubeba ugonjwa kutoka mgomba hadi mgomba. Wakulima walifundishwa kukata ua hilo mapema kwa mti wenye panda, kuchoma visu motoni, na kung'oa shina lililoambukizwa. Kabla ya hapo vituo vya utafiti na miradi ya maendeleo vilikuwa vimeleta aina mpya za migomba ziitwazo FHIA zenye mikungu mikubwa, na baadhi ya wakulima wakazielekeza kwenye pombe. Lakini kibanja kilichong'olewa robo ya migomba yake hakichangii mkungu kwa jirani, na jirani asiyechangiwa hachangii. Mtumbwi uliosimama kwa mikungu ya nyumba kumi hivi ulianza kukosa ya nyumba mbili, kisha tatu. Leo anayepika rubisi akiwa na mikungu mitatu huikamua kwa mikono ndani ya beseni na kuilea ndani ya dumu. Hana haja ya miguu ya mtu. Lita zake 20 anazimaliza kwa wateja wake wa jioni moja, na kesho anaanza upya.

Lipo pingamizi la mwisho ambalo naliheshimu kuliko mengine, nalo ni kwamba dumu limewafaa watu ambao mtumbwi uliwasahau. Mtumbwi ulikuwa mali ya mwanamume, ulirithiwa na mwanamume, na ulikanyagwa na wanaume. Mjane mwenye mashina 60 alileta mkungu wake na kupewa kibuyu, lakini hakuwa na mtumbwi wala sauti katika ugawaji. Kwa dumu moja na mikungu mitatu mjane huyo huyo anaweza kupata fedha ya daftari na sare bila kumwomba mtu. Hilo ni jambo kubwa, na sitamani kuona likirudi nyuma. Lakini haliivunji hoja, linaikamilisha: mipaka ya mtumbwi ilionyesha nani alihesabiwa kuwa jirani kamili na nani alihesabiwa nusu, na chombo kilipopungua, hesabu nayo ikapangwa upya. Ninachokataa ni ile kauli nyepesi kwamba mtumbwi ulikuwa ushamba na dumu ni maendeleo. Dumu lililosuguliwa kwa sabuni halina chachu iliyolala kwenye mbao, kwa hiyo mpishi hulazimika kuweka akiba ya machicha ya jana, na akiichelewesha kidogo pombe yake huharibika. Na ile ya jana isiyouzwa, ambayo zamani ingekuwa imekwisha midomoni mwa majirani, sasa ina njia rahisi ya kwenda kwenye mtambo wa gongo, ambayo ni kali mara nyingi zaidi na haihitaji jirani wala siku maalumu. Uhusiano kati ya kupungua kwa chombo na kuongezeka kwa ukali wa kinywaji unastahili kuchunguzwa na wale wanaohangaika na ulevi wa vijana wilayani.

Lililo haraka zaidi ni kupima. Historia ya chifu iko katika vitabu, ya kahawa iko katika mafaili ya vyama vya ushirika, na ya wakimbizi iko katika majalada ya Umoja wa Mataifa. Historia ya rubisi iko katika magogo yanayopasuliwa kuni au kugeuzwa hori la kunyweshea ng'ombe. Walimu wa historia wa sekondari za Ngara na Biharamulo wana wanafunzi katika kila kijiji. Wawape kamba na kalamu, waende kwa babu na bibi zao, wapime kila mtumbwi uliobaki urefu, upana na kina, kisha waulize maswali manne: ulijazwa kwa mikungu mingapi, ilitoka nyumba zipi, nani walikanyaga, na nani waliketi kunywa. Majibu yaandikwe kwa majina ya vijiji na yatunzwe shuleni, kabla mti wa mwisho haujaingia jikoni.